Wageni Walioondoka Kabla ya Kusindikizwa

Siku ya kuniaga mlinipa saa ya ukutani na blenda. Nashukuru, Mungu awalipe. Blenda inafanya kazi. Saa nimeitundika sebuleni kwangu Mlabani, ingawa sijui mtu aliyestaafu anatazama saa asichelewe wapi. Hotuba zilikuwa ndefu siku ile, jamani, na katika hotuba zote sikusikia hata moja iliyoeleza kazi yenyewe inafanywaje. Mlisema mimi ni nguzo, ni hazina, ni mama wa idara. Sasa ninyi vijana mlioachiwa viti vyetu, kesho mtapakiwa kwenye gari na mgeni mmoja na katoni ya maji ya kunywa, mpelekwe kijijini, mwambiwe tafsirini. Mambo ya nguzo hayatawasaidia hapo. Kwa hiyo nimekaa nikaandika.

Mimi nilikuwa mkalimani wa shamba kubwa la mpunga la wawekezaji kutoka nje. Baadaye kazi ikapewa jina refu la uhusiano na jamii, lakini ni ileile. Nilizaliwa hapahapa Mlabani, Ifakara, chumba cha nyuma ya duka la baba. Baba alitoka pwani na robota za khanga na sabuni, akaoa huku, akazeekea huku. Wateja wake walikuwa Wandamba na Wapogoro, na lugha zao nilizijulia kaunta nikipima sukari, kabla hata sijaanza shule. Kiingereza nilikisoma, kisha nikakifundisha sekondari, mpaka nilipoona tangazo la kampuni limebandikwa mlangoni pa duka la vipuri.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vya kisigino. Msinicheke. Nilidhani ofisi ni ofisi. Nikapokelewa na Mzee Otmari, ambaye ndiye aliyekuwa akikaa katikati ya kampuni na vijiji kabla yangu, bila Kiingereza cha kutosha kuombea maji. Akanitazama kuanzia chini.

“Mwalimu, unapitia hapa kwenda harusini?”

“Shikamoo mzee. Nimekuja kuanza kazi.”

“Marahaba. Kazi iko kule,” akanionyesha kwa kidevu, na kule kulikuwa maji matupu na nyasi. Akanipa gambuti za mwanaume mmoja mwenye miguu kama makasia. Nikazijaza matambara, tukaenda. Gambuti ndiyo chombo cha kwanza cha kazi hii. Ukimwona mkalimani viatu vyake vinang'aa, ujue anatafsiri ya barabarani tu.

Mzee Otmari alilijua shamba lile tangu likiwa mali ya umma. Aliliona likifa: matrekta yakaota kutu, mifereji ikafunikwa na matete, watu wakarudi kwenye vijaruba vyao. Wawekezaji walipokuja, yeye ndiye aliyewaonyesha mfereji gani ulipita wapi. Alinifundisha vitu ambavyo hamtavikuta kwenye semina. Salimia kila mtu, hata mwenye kukununia. Uliza ya nyumbani, ya shamba, ya mgonjwa, ndipo useme kilichokuleta. Ukipewa chakula, kula. Simu iache kwenye gari. Na kubwa kuliko yote, neno likitoka kinywani mwa mtu lipeleke lilivyo.

Hilo la mwisho nilijifunza kwa aibu. Katika mkutano wangu wa kwanza kabisa, bwana mmoja alisimama akasema, “Mwambie huyu ni mwongo.” Nikamgeukia meneja, mzungu mpya bado mwekundu kwa jua, nikamwambia kwa Kiingereza kwamba ndugu yetu ana mashaka kidogo na angependa kupata ufafanuzi zaidi. Wakati wa kurudi Mzee Otmari akaniambia, “Yule kasema neno moja kali. Wewe ukasema maneno mengi mororo. Makali umeyaweka wapi?”  Tangu hapo, mtu akitukana natafsiri tusi. Mameneja wawili watatu walininunia kwa sababu hiyo, wakazoea.

Nisiwafiche, uwekezaji ule ulileta mambo. Wapo wanaosimulia habari hizi kana kwamba mgeni alikuja na shari tupu, na wapo wanaozisimulia kana kwamba alitukuta tunakula majani. Wote hovyo. Nyumba za wageni za Mlabani zilijaa. Mama lishe walihamisha majiko wakaenda kupika getini pa shamba. Kinu kikubwa cha kukoboa kilikuja, vijana wakanunua pikipiki, wazee wakaezeka bati. Wakulima wa kijiji cha Idete walipewa mbegu na kufundishwa kupanda kwa mistari, kwa kamba yenye mafundo. Mwaka wa kwanza kamba ile ilichekwa, wallahi! Watu waliuliza kama mpunga nao umeanza kupanga foleni. Baada ya mavuno, aliyekuwa na kihenge kimoja akawa anatafuta mahali pa kujenga cha pili, na kicheko kikaisha.

Lakini pia nimetafsiri hotuba nyingi zenye maneno “uchumi unakua.” Wakubwa walikuja na magari yao, wakasimama chini ya turubai, wakasema uchumi unakua, nami nikatafsiri kwa wageni, na wageni wakasema hivyohivyo kwa lugha yao, nikarudisha kwa wananchi. Siku moja mvuvi mmoja mzee akanyoosha mkono. “Tumesikia unakua,” akasema. “Sisi tunauliza, unakua kuelekea wapi? Maana hata mto unakua, na ukikua sisi tunahama.” Nikatafsiri. Mkubwa mmoja akacheka akidhani ni utani. Mvuvi hakucheka, akakaa chini akasubiri jibu, na nadhani mpaka amezikwa alikuwa bado analisubiri.

Sasa niwaeleze kesi ngumu kuliko zote nilizoshika. Ilihusu tuta.

Kampuni ilijenga tuta refu la udongo kuzuia mafuriko yasiingie kwenye mashamba yake. Lilikuwa tuta zuri, limeshindiliwa kweli. Ila maji ya bonde hili hayana pa kujificha. Ukiyazuia huku, yanalala kwa jirani. Jirani ilikuwa Idete, na wa kwanza kabisa chini ya tuta alikuwa Gaudensia.

Gaudensia ni mwanamke mjane, mfupi, mwenye sauti ya taratibu inayowaudhi wenye haraka. Alikuwa miongoni mwa watu wa mwanzo kuikubali kamba ya mafundo, na kampuni ilipenda kuwaonyesha wageni shamba lake. Alikuwa na mtoto mmoja, Meinradi, kijana aliyefundishwa na kampuni hiyohiyo kuendesha trekta. Kwa kazi ile Meinradi alimwezekea mama yake nyumba. Kwa hiyo nyumba moja ilikuwa inakula pande zote mbili za tuta.

Masika ya kwanza baada ya tuta kukamilika, miche ya Gaudensia ilizama. Mpunga unapenda maji, kila mtu anajua, lakini si maji ya kuufunika ungali mchanga. Ukaoza umesimama. Alikuja ofisini na miche ile mkononi, nyeusi, inanuka, akaiweka juu ya meza ya meneja, akamsalimia, akamuuliza habari za nyumbani. Meneja akaahidi kuwatuma wahandisi wakatazame. Wahandisi wakaenda wakatazama. Walitazama vizuri sana, wakarudi.

Meneja hakuwa mtu mbaya. Gaudensia alipotoka alifunga mlango akaniambia jambo ambalo hakupaswa kuniambia. Kampuni ilikuwa inaomba mkopo mpya kwa benki ya huko kwao, ili kupanua shamba na kujenga tuta la pili. Wakopeshaji wangekuja wenyewe kuona kama vijiji vinaridhika. Bila fedha ile shamba lisingeweza kubeba mizigo yake, na watu wangepunguzwa, wakianza walioajiriwa karibuni. Meinradi alikuwa miongoni mwao.

Habari kama hiyo haikai chumbani. Haikupita muda Meinradi akanifuata getini.

“Shikamoo Bi Zuhura. Naomba unisaidie. Mwambie mama siku ya wageni anyamaze.”

“Marahaba. Mwanangu, mimi natafsiri yaliyosemwa. Kunyamazisha watu sijaajiriwa.”

“Shamba moja lile. Mimi nikiwa na kazi nitamlisha.”

“Umemwambia hivyo?”

“Nimemwambia. Kaniambia yeye hakuzaa ili alishwe.”

Aliondoka amekasirika. Moyo uliniuma, maana wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Asubuhi ya ziara Gaudensia naye akanifuata palepale kijijini, mapema, kabla wageni hawajafika. Hakukaa. Aliuliza kama kuna namna ya kuwaeleza wageni habari za maji bila mtoto wake kuumia. Nikamwambia namna hiyo mimi siijui. Akatikisa kichwa, akaenda kusaidia kupika.

Wageni walichelewa kwa sababu ya tope. Kampuni ilikuwa imemweka Meinradi njiani na trekta lake ili kuvuta magari yatakayokwama, na yalikwama. Walipofika walikuwa wachovu. Kiongozi wao alikuwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe, mpole, mwenye viatu vya turubai. Wakakalishwa, zikaimbwa nyimbo, akasimama akauliza swali lake waziwazi: je, kijiji kina malalamiko yoyote kuhusu kampuni? Nikatafsiri neno kwa neno.

 Mwenyekiti wa kijiji akasimama, akasema, “Tunawakaribisha sana. Poleni na safari. Chakula kiko tayari.”

Hapa ninyi vijana mnisikilize vizuri. Hakuna aliyeogopa siku ile. Watu wa Idete walikuwa wamekubaliana kulisema jambo lao, na msemaji walishamchagua, ni Gaudensia. Lakini mgeni ana vumbi, ana njaa, hata maji hajanywa, wewe umpakulie malalamiko? Hayo ni mambo ya watu wasiolelewa. Mgeni hula kwanza. Akisimama kuondoka, mnatoka naye, mnamsindikiza kwa miguu mpaka mwisho wa kijiji, na huko njiani ndiko mtu husema lililomo moyoni. Ninyi wenyewe mnaishi hivyo. Shangazi anakaa kwenu mchana kutwa mnaongea mvua na afya, ukishamtoa mlangoni mkafika njia panda ndipo anasema, “Ee, kuna lile jambo la mdogo wako.” Na jambo lenyewe ndilo lililomleta.

Nilikuwa nimemweleza meneja mapema kwamba wageni watembee kidogo baada ya chakula. Alikubali. Lakini muda ulikuwa umekwenda, na ndege yao ndogo ilikuwa inawasubiri Ifakara. Wakala wali na samaki kitoga wa kukaanga, wakasifu, wakanawa. Madereva wakayasogeza magari mpaka ukingoni mwa turubai. Mikono ikapeanwa harakaharaka, milango ikafunguliwa, nami nikajikuta nimekaa kiti cha nyuma kando ya yule mama, gari linaondoka.

Nikageuka. Watu wote walikuwa wamesimama. Wanawake walikuwa wanafunga khanga vizuri, kama mtu anayejiandaa kutoka. Gaudensia aliinama chini ya benchi akatoa furushi. Wakaanza kutembea nyuma ya gari. Gari likaongeza mwendo, nao wakaongeza. Wakapunga mikono. Mama yule akapunga pia kupitia dirishani, anatabasamu.

“Watu wakarimu sana,” akaniambia kwa Kiingereza. “Na hawana malalamiko hata moja.”

Mbele, meneja alikuwa anatazama njia. Shingo yake ilikuwa imeiva. Alijua. Pembeni mwa barabara Meinradi alikuwa amesimama kando ya trekta lake, akaniona kupitia kioo cha dirisha, nami nikamwona. 

Nikasema, “Saidi, simamisha gari.”

Saidi dereva akamtazama meneja. Meneja akasema tutachelewa ndege. Basi nikamgeukia mgeni, nikamwambia, “Mama, ziara yako haijaisha. Hawa hawakuagi, wanakusindikiza. Yale uliyowauliza watakujibu mkitembea. Ndivyo ilivyo kwetu.”

 Akamgusa Saidi begani yeye mwenyewe. Gari likasimama, akashuka na viatu vyake vya turubai, tope likampokea.

Gaudensia alifika anahema. Akamsalimia mgeni upya, kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana. Wakatembea. Nami nyuma yao roho inanitoka, nasema moyoni, sema basi, mama, sema! Ah wapi. Akamuuliza mgeni ana watoto wangapi na kama wote wazima. Walipokwenda kidogo ndipo akafungua furushi, na miche iliyooza ikawa mkononi mwake.

“Mama,” akasema, “kampuni siichukii. Mbegu nilipewa, kufundishwa nimefundishwa. Yule kwenye trekta ni mwanangu, bati langu limetoka kwenye kazi yenu. Ila maji mliyoyafukuza kwenu yamekuja kulala kwangu. Mkijenga tuta la pili, sina pa kupanda. Na si mimi peke yangu, hawa wote unaowaona.”

Nikatafsiri. Sikuacha neno.

Mgeni akauliza, “Kijana wako anajua kuwa unasema haya?”

“Anajua. Ameniomba nisiseme.”

“Na bado umesema?”

Gaudensia akatazama chini. “Kazi yake ni ya kampuni,” akasema. “Shamba ni la watoto wake, na bado hajawazaa.”

Yule mama alitembea naye mpaka zilipoishia nyumba za kijiji, na ndege ikasubiri. Inawezekana, kumbe.

Mkopo haukukataliwa wala haukutolewa. Wakopeshaji walisema hakuna tuta la pili mpaka la kwanza lifunguliwe. Kiangazi kilichofuata mafundi walikuja wakalikata tuta mahali kadhaa wakaweka makalvati makubwa ya kupitishia maji, na masika yalipofika maji yalipita yakaenda zake. Gaudensia akavuna. Wenzake wote wa chini ya tuta wakavuna.

Na kampuni, bila fedha mpya, ikapunguza watu. Meneja aliniita kabla ya majina kutangazwa. Hakugomba. Aliniuliza kama nilijua siku ile nani ataumia. Nikamjibu kuwa nilijua. Akasema, “Basi,” na hatukulizungumza tena mpaka yeye mwenyewe alipohamishwa. Mimi nilibaki, labda kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine wa kuvaa zile gambuti. Meinradi aliondoka na kundi la kwanza.

Nilikwenda kwa Mzee Otmari, wakati huo yu mgonjwa, sauti imekwisha. Nikamuuliza kama nilikosea. Akaniuliza, “Alichosema yule mwanamke, ulikipeleka chote?” Nikasema chote. “Basi mengine si ya mkalimani.” Nilimheshimu sana mzee yule, na bado namwombea, lakini hapo sikukubaliana naye. Mengine yalikuwa yangu pia. Ningesikia faraja kuamini vingine, sikuweza.

Meinradi alivuka mto akaenda kukaa Lupiro, akaendesha bodaboda, akaoa bila kumwita mama yake. Kila mavuno Gaudensia alimtumia gunia la mchele kwa mtu yeyote anayevuka, na kila mara gunia lilirudi lilivyokwenda, limefungwa kwa fundo lake lilelile. Sikumsikia hata siku moja akimlaumu. Alilipokea, akalifungua, akala yeye na majirani. Mwaka uliofuata akafunga jingine.

Mwaka huu, baada ya saa na blenda, nilikwenda Idete kumsalimia, nikalikuta gunia mlangoni. Nikamwambia, “Nipe mimi. Sasa nina muda.” Hakunikatalia. Nikakodi pikipiki, nikavuka daraja.

Nilimkuta Meinradi nyumbani kwake anaosha pikipiki. Amekuwa mtu mzima. Akaniamkia vizuri, akanipa kiti, kisha akaliona gunia.

“Bi Zuhura, hata wewe?”

“Hata mimi.”

Akaendelea kuosha. Baadaye akauliza bila kunitazama, “Siku ile uliposimamisha gari, ulijua nitatolewa?”

“Nilijua. Nilikuona umesimama pale, na nikasimamisha.”

“Na mama?”

“Mama yako alikuja kwangu asubuhi ile. Aliniuliza kama kuna namna ya kusema bila wewe kuumia. Nikamwambia siijui.”

Mkono wake ukasimama juu ya taa ya pikipiki. “Hakuniambia.”

“Angekuambia ili iweje? Ungekubali aseme?”

Akafikiri. “Nisingekubali.”

Maji yalikuwa yanatiririka kutoka kwenye ndoo iliyoanguka, hakuiinua. 

“Basi uache huo mchele,” akasema. “Mwambie nimekula.”

“Hujala.”

“We mwambie tu hivyo.”

“Siwezi, baba. Nitasubiri.”

Akanitazama, akaona sitoki kwenye kiti. Akamwita mkewe, akakata fundo kwa kisu. Mchele ule wa Idete ulipoanza kuchemka, harufu yake ikaenea uani kote, na yeye akaingia ndani akakaa muda. Alipotoka macho yalikuwa mekundu. Tukatengewa. Alikula, akanawa, kisha akageuka akaomba sahani tena.

Jua lilikuwa bado lipo niliporudi Idete. Gaudensia alikuwa shambani kwake chini ya tuta, anakusanya mabua. Aliniona kwa mbali, akasimama, akauliza kwa sauti kabla sijamfikia, “Umerudi nalo?”

Nikamwonyesha mikono mitupu.

“Amekula,” nikamwambia. “Nimemwona kwa macho yangu. Ameongeza.”

“Ameongeza?”

“Ameongeza, mama.”

Akakaa chini palepale kwenye mabua, akafunika uso kwa khanga.